UZI: Dk. Haidar Abdel-Shafi wa Gaza, daktari aliyekataa suala la walowezi liwekwe kiporo

Wakuu, salaam.

Kila uzi wa Palestina ukifunguliwa humu majina huwa yale yale: Arafat, Abbas, Haniyeh, Sinwar. Kufika ukurasa wa pili watu wameshagawanyika, huyu Fatah, yule Hamas, na matusi yameanza. Leo namleta mtu ambaye hakuwa wa kambi yoyote kati ya hizo mbili, na alipofariki kambi zote mbili zilimlilia. Kwangu mimi ndiye mwanasiasa wa Kipalestina aliyeona mbali kuliko wenzake wa kizazi chake, na sababu ni suala moja ambalo hakukubali kuliweka kiporo. Nitafika huko. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Jina lake nililisikia mwishoni mwa 1991 nikiwa shule ya msingi. Marehemu baba hakukosa taarifa ya habari ya jioni redioni, na wiki ile ya mkutano wa amani wa Madrid, kati ya Israel na Waarabu, alitutaka tunyamaze kabisa. Nilichoelewa ni kwamba daktari mmoja mzee alikuwa anazungumza kwa niaba ya watu wasio na nchi. Nikabaki najiuliza, daktari anatafuta nini huko kwa wanasiasa? Nimekuja kupata jibu ukubwani.

Jina lenyewe linasema kitu. Abdel-Shafi maana yake mja wa Mponyaji. Ni mzizi ule ule wa shifaa, neno ambalo hata sisi tunalitumia tukimwombea mgonjwa. Mwenye jina hilo akasomea udaktari, na akaja kutibu watu katika hospitali ya al-Shifa, ile ile ambayo dunia nzima imeijua kwa vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023.

Alizaliwa mjini Gaza tarehe 10 Juni 1919, wakati Waingereza wameshawatoa Waturuki. Baba yake, Sheikh Muhyi al-Din, alikuwa mwanazuoni na msimamizi wa wakfu. Haidar akiwa mtoto familia iliishi miaka kadhaa Hebron, mji ambao Waarabu wanauita al-Khalil, kwa sababu mzee alipewa usimamizi wa Haram al-Ibrahimi, msikiti uliojengwa juu ya kaburi la Nabii Ibrahimu. Naomba msikiti huo muuweke akilini, tutaurudia.

Akasoma Chuo cha Kiarabu cha Jerusalem, akamaliza 1936, mwaka ule uasi mkubwa dhidi ya Waingereza ulipoanza. Kisha Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, akatoka daktari 1943. Alifanya kazi kwa muda hospitali ya manispaa ya Jaffa, halafu akarudi kwao Gaza kufungua zahanati yake mwenyewe.

Ndipo ikaja 1948. Gaza na vijiji vyake ilikuwa na watu wapatao 80,000. Katika miezi michache wakaingia wakimbizi wapatao 200,000, wamefukuzwa au wamekimbia kutoka Jaffa, Majdal, Beersheba na vijiji vya kusini. Hebu fikirieni wilaya yenu inapokea wageni mara mbili na nusu ya wenyeji, hawana kitu, wamelala mchangani. Dk. Haidar alikuwa mmoja wa madaktari wachache waliokuwepo. Naamini siasa yake ilianzia pale, kwenye foleni ya wagonjwa wa mahemani. Hata baadaye alipokaa na mawaziri, hakuwa mtu wa kuzungumza kishairi kuhusu ardhi. Alizungumza kama mtu aliyewapima watu mapigo ya moyo.

Mwaka 1951 alikwenda Marekani kusomea upasuaji, hospitali ya Miami Valley mjini Dayton, Ohio. Angeweza kubaki. Mwaka 1954 akarudi Gaza.

Inaendelea...

Gaza ya wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Misri. Dk. Haidar aliongoza huduma za afya, na mwanzoni mwa miaka ya 60 akaongoza baraza la kutunga sheria la Gaza. Mwaka 1964 Wapalestina walipokutana Jerusalem kuunda PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, alikuwemo, na akaingia kwenye kamati kuu ya kwanza kabisa. Msisahau kwamba wakati huo Arafat na Fatah yake bado hawajaishika PLO. Kwa hiyo wale waliokuja miaka ya 90 kumwita msaliti kwa kuipinga Oslo, yaani makubaliano ya 1993 kati ya PLO na Israel, walikuwa wanamwambia mwasisi.

Vita vya Juni 1967 Israel ikaiteka Gaza. Yeye akaenda kujitolea al-Shifa kuhudumia majeruhi. Hakukubali kuwa mtu wa kutumiwa na utawala wa kijeshi, na 1969 Moshe Dayan, waziri wa ulinzi wa Israel, akampeleka uhamishoni jangwa la Sinai kwa miezi 3. Septemba 1970, baada ya PFLP, chama cha Kipalestina cha mrengo wa kushoto, kuteka ndege na kuzishusha Jordan, Israel ikamfukuza tena, safari hii Lebanon, yeye na viongozi wengine wa Gaza, miezi 2. Yeye hakuteka ndege yoyote. Kosa lake ni kwamba watu walimsikiliza.

Mwaka 1972 akaanzisha Hilali Nyekundu ya Gaza. (Wengi wanaichanganya na ile Hilali Nyekundu ya Palestina iliyoongozwa na Dk. Fathi Arafat, mdogo wake Yasser. Ni vyombo viwili tofauti.) Zilikuwa zahanati za watu wasio na pesa, lakini pia mahali pa kukutana watu wenye mawazo, maana vyama vya siasa vilipigwa marufuku.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Januari 1980 wafuasi wa al-Mujamma al-Islami, jumuiya ya Sheikh Ahmed Yassin ambayo baadaye ilizaa Hamas, waliandamana na kuzichoma moto ofisi za Hilali Nyekundu ya Dk. Haidar. Walimwona ni mtu wa mrengo wa kushoto, asiye wa dini. Huyu ni mtoto wa sheikh, wakuu! Askari wa Israel, ambao kwa kawaida hawakuvumilia hata watu 10 kusimama pamoja na bendera, hawakuwazuia. Dk. Haidar akaendelea na kazi yake. Miaka iliyofuata alizungumza na Hamas kila ilipohitajika, akisisitiza umoja wa Wapalestina wote. Mtu kachomewa ofisi na bado anakaa meza moja na waliochoma kwa sababu nchi ni yao wote. Mimi sina hakika kama ningeweza.

Intifadha ya kwanza, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya utawala wa Israel, ilipoanza Desemba 1987 alikuwa anakaribia miaka 70. Aprili 1988 kituo cha ABC cha Marekani kilirusha mjadala mkubwa kutoka Jerusalem, Waisraeli upande mmoja na Wapalestina upande wa pili, na yeye alikuwepo pamoja na Hanan Ashrawi na Saeb Erekat. Kwa Wamarekani wengi ilikuwa mara ya kwanza kumwona Mpalestina anajieleza kwa utulivu, bila kufunika uso.

Sasa tuje Madrid. Hapa nitakaa kidogo.

Mkutano ulifunguliwa tarehe 30 Oktoba 1991, wadhamini wakiwa Bush na Gorbachev. Waziri mkuu wa Israel, Yitzhak Shamir, alikubali kuja kwa masharti: hakuna PLO, hakuna mtu wa Jerusalem Mashariki, hakuna Mpalestina wa ughaibuni, na Wapalestina wakae ndani ya ujumbe wa Jordan, wasiwe na ujumbe wao. Yaani waje, lakini wasionekane. Faisal Husseini, ambaye alikuwa kinara wa Jerusalem, ikabidi akae pembeni kama mshauri. Uongozi wa wajumbe wa Kipalestina akapewa Dk. Haidar, miaka 72.

Hotuba ile, ambayo sehemu kubwa iliandikwa na Hanan Ashrawi, ndiyo iliyomnyamazisha baba yangu mbele ya redio. Aliwageukia Waisraeli moja kwa moja, akawaambia kwamba sisi na ninyi tumebadilishana maumivu kwa muda mrefu, basi sasa tushirikiane matumaini. Akasema hawatafuti watu waungame makosa wala hawataki kisasi, wanataka utashi wa kuifanya amani ya haki iwepo. Na mwisho akayarudia maneno ya Arafat ya mwaka 1974 kule Umoja wa Mataifa, kuhusu tawi la mzeituni lisianguke. PLO imezuiwa mlangoni, na yeye anaiingiza ukumbini kwa maneno ya kiongozi wake, Shamir akiwa amekaa pale pale anasikiliza.

Desemba mazungumzo yakahamia Washington. Wapalestina wakasema: sasa tunataka chumba chetu, sisi siyo Jordan. Waisraeli wakakataa. Basi siku kadhaa wakuu wa ujumbe wakawa wanakaa kwenye kochi la ukumbini, nje ya vyumba, katika jengo la wizara ya mambo ya nje ya Marekani, wanabishana juu ya nani aingie chumba gani. Kuna waliocheka. Kwa Dk. Haidar lile lilikuwa suala lenyewe: je, sisi ni watu au si watu? Januari 1992 ikapatikana njia ya kuwatenganisha.

Na hapa ndipo penye kiini cha uzi huu. Mle ndani alishikilia jambo moja: ujenzi wa makazi ya walowezi, yaani Waisraeli wanaohamia kuishi kwenye ardhi iliyotekwa 1967, usimame. Usimame sasa, wakati tunazungumza.

Niwape mfano wa kwetu. Ukienda baraza la ardhi kwa mgogoro wa shamba, jambo la kwanza unaloomba ni zuio. Mwenzako asiendelee kuchimba msingi wala kupandisha ukuta mpaka kesi iishe. Kwa sababu kila mtu anajua, kesi ikichukua miaka 5 na yeye anajenga, siku ya hukumu hakuna shamba tena, kuna nyumba na watoto ndani yake. Dk. Haidar alikuwa anaomba zuio. Hakuwa anaomba hukumu.

Mwaka 1992 Rabin akashinda uchaguzi Israel, akaahidi kupunguza ujenzi mpya, lakini maelfu ya nyumba zilizokwisha kuanza zikaachwa ziendelee. Desemba mwaka huo Israel ikawafukuza Wapalestina 415, wengi wao wa Hamas na Islamic Jihad, ikawatupa mlimani Marj al-Zuhur, kusini mwa Lebanon, kwenye baridi. Mazungumzo yakakwama. Na wakati ujumbe wa Washington unahangaika, kule Norway watu wa Arafat, akina Ahmed Qurei na Mahmoud Abbas nyuma yake, walikuwa wanazungumza kwa siri na Waisraeli. Mkuu wa ujumbe rasmi hakuhusishwa.

Tarehe 13 Septemba 1993, Arafat na Rabin wakapeana mkono mbele ya Clinton. Dk. Haidar alikataa kuyaunga mkono makubaliano. Ukiyasoma utaona kwa nini. Jerusalem, wakimbizi, mipaka na makazi ya walowezi, vyote vimesogezwa mbele mpaka "mazungumzo ya hadhi ya kudumu". Hakuna mstari unaosema ujenzi usimame. Kesi inaendelea bila zuio.

Miezi 5 baadaye, tarehe 25 Februari 1994, mlowezi mmoja, Baruch Goldstein, naye ni daktari, alitoka makazi ya Kiryat Arba na bunduki, akaingia Haram al-Ibrahimi wakati wa sala ya alfajiri katika mwezi wa Ramadhani, akawaua waumini 29. Ule msikiti niliowaomba muuweke akilini. Msikiti uliosimamiwa na baba yake Haidar. Suala lililowekwa kiporo liliingia mpaka safu za sala.

Nimeona maswali, nijibu machache kabla sijaendelea.

Ndugu mmoja ameandika: "Mleta uzi, rahisi kulaumu. Arafat angefanyaje? Nusu shari kuliko shari kamili." Mkuu, hoja yako ni nzito na siipuuzi. PLO ya 1993 ilikuwa taabani. Arafat alimuunga mkono Saddam alipoivamia Kuwait, nchi za Ghuba zikakata fedha, na Wapalestina zaidi ya 300,000 wakalazimika kuondoka Kuwait. Ofisi zake ziko Tunis, mbali na watu wake, hana mishahara ya kulipa. Mtu aliyebanwa hivyo hushika kinachoelea. Lakini tazama barua za tarehe 9 Septemba 1993: PLO inatambua haki ya Israel kuwepo, na Israel inaitambua PLO kuwa mwakilishi wa Wapalestina. Basi. Dola ya Palestina haikutajwa. Halafu tazama ardhi. Wakati ule walowezi wa Ukingo wa Magharibi, ukiacha Jerusalem Mashariki, walikuwa kama 110,000. Leo wamepita 500,000. Hiyo nusu shari imezaa.

Ni kweli pia kwamba mabomu ya Hamas kwenye mabasi ya Israel na risasi iliyomuua Rabin Novemba 1995, iliyopigwa na Myahudi mwenzake, yalichangia kuua mchakato. Siyafichi. Ila hata katika miezi ya utulivu nyumba ziliendelea kupanda.

Mwingine anauliza: "Sisi Tanzania inatuhusu nini?" Mkuu, Mwalimu alivunja uhusiano na Israel 1973 na PLO ikawa na ofisi Dar es Salaam. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoitambua dola ya Palestina mwaka ule ule ilipotangazwa, 1988. Uhusiano na Israel ukarudishwa 1995, baada ya Oslo, maana dunia nzima iliamini jambo limekwisha. Na mimi nakumbuka watu wazima wakisema hivyo, limekwisha. Kule Gaza mzee mmoja alikuwa anasema halijaanza hata kuguswa.

Dada mmoja ameuliza kama alipinga silaha. Hakuwahi kukana haki ya watu waliokaliwa kimabavu kupambana. Lakini neno lake la kila siku lilikuwa mpangilio: tujipange, tuwe na uongozi wa pamoja, tuwe na demokrasia yetu wenyewe. Aliamini udhaifu mkubwa wa Wapalestina ulikuwa kuendesha mambo kwa mtu mmoja, na ndiyo lawama aliyomwekea Arafat tangu mwanzo, hadharani, wakati wengine wananong'ona.

Inaendelea, sehemu ya mwisho.

Pamoja na kuipinga Oslo, hakususa. Uchaguzi wa tarehe 20 Januari 1996 alisimama kuwania Baraza la Kutunga Sheria la Mamlaka ya Palestina, serikali ya ndani iliyozaliwa na Oslo, lenye viti 88, na Gaza ikamwagia kura kuliko mgombea mwingine yeyote. Hoja yake ilikuwa kwamba hata chombo kibovu ni afadhali kiwe na watu wa kukisimamia.

Akakaa mle ndani akaona. Mwaka 1997 mkaguzi wa Mamlaka yenyewe ya Palestina akatoa ripoti: dola milioni 326 za bajeti zimepotea au kutumika vibaya. Kamati ya Baraza ikataka baraza la mawaziri livunjwe. Arafat akapiga chenga. Wabunge wengi wakanywea, wengine wakapewa uwaziri. Dk. Haidar akajiuzulu ubunge. Alikuwa na miaka 78, hana kashfa, ana kura nyingi kuliko wote, na akaondoka kwa sababu chombo alichochaguliwa kukitumikia kilikuwa kinapuuzwa.

Hapa ndipo ninapomheshimu kuliko hata Madrid. Kusema hapana kwa adui ukiwa unashangiliwa na watu wako siyo kazi ngumu sana. Kusema hapana kwa watu wako, wale mliofukuzwa pamoja na kuzikana pamoja, halafu ukarudi nyumbani kimya bila kuanzisha kundi la bunduki, hilo sijaliona kwa wengi, kule wala kwetu.

Mwaka 2002, Intifadha ya pili ikiwa imepamba moto na vifaru vya Israel vimerudi Ramallah, alishirikiana na Mustafa Barghouti, Edward Said na Ibrahim Dakkak kuanzisha al-Mubadara, chama cha njia ya tatu kati ya Fatah na Hamas. Alikuwa na miaka 83. Kwenye uchaguzi wa urais wa 2005 Barghouti alishika nafasi ya pili nyuma ya Abbas kwa asilimia kama 19.

Juni 2007 Hamas na Fatah wakapigana mitaani Gaza, Wapalestina kwa Wapalestina, wengine wakirushwa kutoka maghorofani. Mzee alikuwa anaumwa saratani, nyumbani kwake, mji ule ule. Miaka yote aliyohubiri umoja, hayo ndiyo aliyoyasikia nje ya dirisha katika miezi yake ya mwisho. Alifariki tarehe 25 Septemba 2007, miaka 88. Rambirambi zikatoka kwa Abbas kule Ramallah, na kwa Hamas pale Gaza, pande mbili ambazo wakati huo zilikuwa hazisalimiani.

Aliyeuliza kama chama chake bado kipo: kipo, na Mustafa Barghouti, naye daktari, ndiye anayekiongoza. Na aliyeomba pa kuanzia, tafuteni hotuba ya Madrid, ile ya tarehe 31 Oktoba 1991. Kwa Kiarabu au Kiingereza inapatikana. Nimeanza kuitafsiri kwa Kiswahili kidogo kidogo, nikimaliza nitaiweka hapa hapa chini. Mwenye Kiarabu kizuri anisaidie, kuna vifungu vinanipiga chenga.